UZI: Prado ya mdogo wangu iliniuma kuliko utajiri wa matajiri wote. Muuza rangi wa Moshi nimekaa nikajiuliza kwa nini

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai amimine kabisa.

Nina duka la rangi hapa Moshi mjini, mwaka wa kumi na moja huu. Kabla ya hapo nilibeba mizigo ya wageni mlimani, Kilimanjaro, miaka saba. Shule niliishia kidato cha nne. Saikolojia nimeisoma kaunta, siku za masika ambapo hakuna anayepaka nyumba. Kwa hiyo atakayekuja kuniuliza vyeti, jibu analo.

Nianze na daftari la mauzo. Januari hadi Septemba wateja wangu wengi ni mafundi. Wanakuja na karatasi ya vipimo, wanabishana bei, wanabeba, wanaondoka. Oktoba ikiingia wanaanza kuja wenye nyumba wenyewe, na hawa hawana karatasi, wana simu. Ananinyooshea picha: "Mangi, nataka kama hii." Nikiikuza ile picha naiona nyumba ninayoijua. Rangi yake ilitoka hapahapa dukani wiki mbili nyuma, na iko ng'ambo ya mfereji kutoka kwake.

Mwaka juzi mzee mmoja wa huko juu Kibosho alichukua ndoo mbili za kijivu, rangi ambayo mimi mwenyewe niliiona kama ya kituo cha polisi. Mtoto wake wa Dar alikuwa anakuja na mchumba. Hadi Krismasi nilikuwa nimeuza kijivu kilekile kwa nyumba saba za njia hiyohiyo. Nilipopanda kumpelekea mteja puti, nikaona mgomba, kijivu, mgomba, kijivu.

Kilichonishangaza ni kwamba hao watu wakishuka mjini wanazipita nyumba za Shanty Town, ambako ndiko ushuani kwetu, geti kali, bustani, mbwa. Miaka kumi na moja hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea picha ya nyumba ya Shanty Town akasema anataka kama ile. Wanapiga picha ya jirani.

Nikadhani ni mambo ya kwetu tu, mpaka nikakutana na Leon Festinger. Huyu alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 1954 alitoa nadharia kuhusu watu wanavyojipima. Anasema mtu ana hamu ya kujua uwezo wake uko wapi. Uzito ukitaka kuujua unapanda mizani, lakini kwa vitu kama akili, mafanikio, au "maisha yangu yanakwendaje", mizani ya dukani haipo. Hapo ndipo unapomtumia mwenzako kuwa mizani. Na humchukui yeyote tu, unamchukua anayefanana na wewe. Pengo likiwa kubwa mno unaacha kujilinganisha naye, anakuwa kama mandhari, kama ule mlima unavyokaa pale asubuhi. Nani amewahi kuuonea wivu mlima?

Mlima wenyewe ndio ulionifundisha kabla sijamjua Festinger. Aliyebeba anajua: siku ya mwisho mnashukia Mweka, na pale getini ndipo tipu zinapotoka. Safari moja nilikuwa na wageni wanne. Begi la mmoja wao lilikaa kichwani kwangu siku sita, na koti lake tu lingenilipia kodi ya chumba pale Pasua miezi na miezi. Sikuwahi kumwonea wivu hata dakika moja. Nilimwonea huruma, maana pale kambi ya Barafu alitapika usiku kucha, maskini wa Mungu.

Basi tumefika getini, kiongozi wetu kaita majina, nikapata elfu sitini. Nikafurahi aisee. Nikaanza kupiga hesabu ya ada, ya viatu vya mtoto, hadi ya nusu kilo ya nyama. Pembeni kulikuwa na kundi la kampuni nyingine limeshuka muda uleule, na ndani yake yupo jamaa tuliyetoka kijiji kimoja, darasa moja, mzigo uleule wa kilo 20. Akanionyesha bahasha yake: elfu themanini na tano. Wakuu, ile sitini ilikufa mkononi. Nyama sikununua. Nilipofika nyumbani mama watoto akaniuliza, "Wageni hawakutoa?" Nikamwambia wametoa upuuzi.

Dakika tano kabla ilikuwa hela, na noti ni zilezile.

Kumbe Wamarekani waliyaona haya jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lao liliweka watafiti wakiongozwa na Samuel Stouffer wawahoji askari, na matokeo yalitoka mwaka 1949. Wakakuta kitu cha ajabu. Kwenye jeshi la anga watu walikuwa wanapandishwa vyeo haraka, kwenye polisi wa jeshi vyeo vilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Lakini walioona utaratibu wa vyeo ni mbaya zaidi walikuwa wa jeshi la anga. Polisi wa jeshi akiangalia kushoto na kulia anaona wenzake wote wako palepale, roho inatulia. Wa anga akiangalia anaona yule aliyeingia naye jeshini ameshapanda cheo.

Sasa nifike kwenye Prado.

Kwetu tuko wanne. Mimi ni wa pili, anayenifuata nilimsomesha kwa hela ya mlimani, kidato cha tano na cha sita, ada nikilipa kwa vipande hadi mhasibu wa shule akanizoea. Akaenda chuo, akapata kazi Dar, akatoboa. Nilijivunia naye kwa kila mtu. Akinipigia simu kaunta naweka sauti ya juu ili wateja wasikie.

Desemba moja akapanda na Prado, namba E, usajili mpya. Mnaijua ile hali: kuanzia tarehe 20 barabara ya kutoka Himo imejaa, kila mtu anarudi "kuhesabiwa", na watoto wamekaa kwenye kingo za barabara wanasoma namba za magari. Namba C ikipita hakuna anayegeuka. Nilimkumbatia, nikaizunguka gari, nikapiga teke tairi kama mwanaume anavyotakiwa kufanya. Moyo ulikuwa mweupe kabisa, naapa.

Jioni tukachinja mbuzi. Nyumbani kwetu nyama ina itifaki yake, na kidari anashika baba. Tangu baba alipoanza kutetemeka mikono, kidari alikuwa ananipa mimi nikikate na kugawa, kwa sababu kaka yetu mkubwa aliishia Songea na harudi. Siku ile mzee aliinua sinia, akanipita mimi, akampa dogo. Hakusema kitu. Dogo mwenyewe alishtuka, akaniangalia, halafu akachukua kisu. Mbege ikaendelea kuzunguka na hakuna aliyeona kitu isipokuwa mimi, na nadhani mama.

Nimesikia habari za matajiri wakubwa wa nchi hii maisha yangu yote, wana ndege, wana majumba Dubai, na sijawahi kukosa usingizi. Usiku ule nililala macho dari.

Januari nikafanya ujinga ambao mpaka leo mke wangu akitaka kunishinda kwenye mabishano anautaja kwa neno moja: "bati." Nyumba yangu ilikuwa na bati zima, la migongo midogo, halivuji popote. Nikakopa. Siwataji walionikopesha, ila mkisema kausha damu hamtakosea, marejesho kila Jumatano. Nikang'oa bati zima nikaweka bati la msauzi jekundu. Miezi minane nilikuwa naamka Jumatano nikiwa na homa. Na dogo alipokuja Desemba iliyofuata hata hakulitazama paa. Alikuja usiku, akaondoka usiku.

Ndiyo maana niliposoma habari ya bahati nasibu ya Uholanzi nilicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kuna nini. Kule wana bahati nasibu inayochezwa kwa msimbo wa posta, yaani inashinda mitaa. Wakati wanautafiti, kijisehemu chenye nyumba kama ishirini kikichaguliwa, kila aliyenunua tiketi pale alikuwa anapata euro 12,500 kwa kila tiketi, na mmoja wao anapata BMW mpya. Ambaye hakununua anakaa dirishani anaangalia. Mwaka 2011 wachumi wakachapisha walichokiona: majirani wa mlango kwa mlango wa washindi, ambao hawakushinda hata senti, walikuwa wananunua magari zaidi kuliko watu wa mitaa mingine. Hao ni Waholanzi wakuu, watu wa baiskeli.

Nitaendelea, kuna wateja.

---

Nimerudi. Naona mmekuja wengi. Kuna mkuu ameandika, "Hizo ni tabia za Wachaga, sisi wengine hatuna hayo." Mkuu, nimekuletea Waholanzi na jeshi la Marekani na bado unanirudisha Kibosho? Ni kweli huku ushindani ni wa zamani. Karne ya 19 Mangi (yaani chifu) Rindi wa Old Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walipigana miaka na miaka nani awe mkubwa mlimani, halafu ikaja kahawa, shule za misheni, nyumba za bati, kila kizazi na kipimo chake. Lakini vaa macho uangalie kwenu pia. Nani hajawahi kukadiria mshahara wa mtu kwa kuangalia mchango aliotoa kwenye kundi la harusi? Nani hapeleki mtoto shule ya basi la njano huku ada inamtoa jasho, kisa wa jirani anapanda basi la njano na wake angekwenda Kayumba, shule ya serikali, kwa miguu?

Mwingine kasema ni husuda tu, tuombe Mungu. Hapa nitabishana kidogo. Mwenye husuda anataka chako kiharibike. Mimi sikutaka Prado ipate ajali, niliiombea kwa dhati ipite Mombo na Korogwe salama. Kilichoniuma kilikuwa ni mimi, lile swali kwamba kama huyu aliyetoka tumbo moja na mimi, akala ugali uleule, amefika pale, basi mimi niliishia wapi? Tajiri wa Dar hawezi kuniuliza hilo swali, ana mtaji wa babu yake, najitetea. Kwa dogo sina utetezi. Na utetezi niliokuwa nao, kwamba nilimsomesha, ukiutamka mbele za watu unakuwa masimango.

Halafu kuna maskini wa kweli waliopimwa. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa baadhi ya kaya za vijijini, nyingine zikakosa. Watafiti akina Johannes Haushofer wakarudi kuuliza watu wanaridhikaje na maisha. Kadiri majirani walivyopata zaidi, ndivyo waliokosa walivyoridhika kidogo, ilhali mifukoni mwao hakikupungua kitu. Lakini ona na upande wa pili: muda ulivyokwenda yale maumivu yakafifia. Watu wakazoea. Hata lile bati langu jekundu siku hizi silioni, naona Jumatano tu.

Chalii wa Arusha, wewe uliyesema Njiro watu hawana habari na mtu, kila mmoja na geti lake. Nimeuza rangi Njiro. Geti lenyewe ndilo wanalopimana nalo, chalii yangu.

Sasa jaribio. Mwaka 1998 Sara Solnick na David Hemenway waliwauliza watu wa Harvard, wanafunzi, walimu na wafanyakazi: uishi pale unapopata dola 50,000 kwa mwaka na wenzako wanapata 25,000, au upate 100,000 na wenzako wanapata 200,000, bei za vitu zikiwa zilezile? Karibu nusu wakachagua ya kwanza. Yaani mtu yuko tayari kuchukua nusu ya pesa ilimradi awe juu.

Nikawauliza mafundi wangu sita waliokuwa wanasubiri mvua ikatike. Kwa siku, wewe elfu thelathini na wenzako ishirini, au wewe arobaini na wenzako sitini? Wanne walichagua thelathini palepale. Wa tano, mzee wa Uru, akasema anachukua arobaini kwa sababu ni nyingi kuliko thelathini, wenzake wakamcheka. Wa sita akauliza, "Hao wenzangu watajua napata ngapi?" Nikamwambia hawatajua. "Basi arobaini." Huyo kijana angekaa Harvard pale angewasaidia sana.

Maana hao watafiti waliuliza pia kuhusu siku za likizo, na huko watu waliotaka kuwashinda wenzao walikuwa wachache. Likizo haionekani. Hakuna anayepita barabarani akahesabu usingizi wako. Mzee mmoja aliitwa Thorstein Veblen, Mmarekani mwenye asili ya Norway, aliliandika hili tangu 1899, kwamba kuna kununua ambako kazi yake ni kuonekana tu. Mimi nalijua kwa ndoo. Kuanzia Novemba nauza rangi ya nje. Wengine wanapaka ukuta wa mbele tu, unaoangalia barabara, ukizunguka nyuma tofali zinakuchekea. Hakuna mtu amewahi kuja tarehe 18 Desemba akaniulizia rangi ya jikoni.

---

Dada mmoja kaniuliza faragha, nimjibu hapa kwa ruhusa yake: je, haya mambo yanaua? Alikuwa na maana ya msongo, presha na kadhalika.

Dada yangu, kuna utafiti mkubwa wa watumishi wa serikali ya Uingereza, pale London, ulioanza mwaka 1967, ambao baadaye ulimpa jina Profesa Michael Marmot. Wanaume kama 18,000, wote wana ajira, wote wana matibabu, hakuna wa kulala njaa. Wakafuatiliwa. Wa ngazi ya chini kabisa, watarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa juu kabisa. Lakini hata wa ngazi ya pili kutoka juu, watu wenye ofisi na zulia, walikuwa na hali mbaya kuliko wa ngazi ya kwanza. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza sehemu tu. Mwenyewe Marmot anasisitiza sana suala la mtu kuwa na usemi juu ya kazi na maisha yake. Kwa hiyo usichukue kwamba kumwangalia jirani kunaziba mishipa. Chukua kwamba ngazi uliyosimama mwili unaijua.

Na nilikaa nikafikiri: 1967 hiyohiyo, Februari, nchi hii ilikuwa inatangaza Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye kampuni. Wazee wetu walitaka kuifupisha ngazi kwa sheria. Ilipofika 1991 Zanzibar wakalegeza, na wengi wenu hapa mmezaliwa baada ya hapo, mmekuta nyumba za kupangisha zimeshapanda hadi mtoni. Siingii kwenye siasa, mods wasije wakanifungia uzi. Nasema tu kwamba waliwahi kuliona hili kama jambo la nchi, wakati leo tunaambiana tu kuacha wivu.

Mnaouliza dawa: mimi muuza rangi. Ninachoweza kusema nilichokiona ni kile cha kambini. Mlimani kiongozi ndiye mkubwa, anafuata msaidizi, anafuata mpishi, sisi wapagazi tuko chini. Lakini tulikuwa na mpagazi mmoja mwenye sauti. Jioni kiongozi mwenyewe alikuwa anamwomba aanzishe wimbo. Huyo jamaa tipu ikiwa ndogo hakununa kama sisi, alikuwa na ngazi nyingine ambako yeye yuko juu. Na kijijini kwetu kuna mzee hana gari wala bati la maana, ila mkigombania mpaka wa kihamba ni yeye anayeitwa, anajua kila sale, ule mmea wa mpakani, lilipandwa na nani. Watoto wa Dar wenye namba E wanasimama mbele yake mikono nyuma. Kijiji chenye ngazi nyingi mtu anapumua. Tatizo letu, naona, ngazi zinang'olewa moja moja inabaki ya gari. Hayo ni maoni yangu, mnaruhusiwa kuyapiga.

---

Nimalizie la dogo, maana mmeniuliza sana kama tuliongea.

Hatukuliongea kama kikao. Mwaka jana alinipitia dukani tarehe 22, tukapanda wote nyumbani, mimi kiti cha mbele. Tumefika kwenye kona za juu pale, ukungu umeshuka, anaendesha taratibu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii gari inapanda vizuri." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kaka, hii nikifika nayo kazini naiegesha nyuma ya jengo." Nikamuuliza kwa nini, kuna wizi? Akasema hapana, mbele wanaegesha wenzake alioajiriwa nao siku moja, na akaanza kunitajia magari yao. Mengine sikuyajua hata majina. Mwaka wa nne huo anaingilia mlango wa nyuma.

Wakuu, hapa kila mtu anajitia utakatifu, mimi nitasema ukweli. Nilitakiwa kumsikitikia. Nilifurahi. Furaha ile ilinipanda kuanzia tumboni, ikakaa kifuani hadi tunaingia getini kwa mama, nikawa nageukia dirishani asinione.

Kwenye buti alikuwa na ndoo tatu tupu, anataka nimchanganyie rangi ya nyumba ya mama kabla ya Krismasi, rangi ya nje, kijivu. Nikamuuliza, na ndani je?

"Ndani mwakani, kaka."